Risiti Mfukoni

Julai, soko la Memorial, na mlima haupo:
wingu limeumeza tangu Jumatatu.
Nauza sweta. Hii ndiyo miezi yangu,
wateja wanapuliza vidole huku wanachagua
na hakuna anayebishania elfu moja.

Aikande, mwanangu wa kidato cha pili,
kakaa juu ya belo, daftari pajani.
"Mama, mwezi huu dunia iko mbali na jua
kuliko mwezi wowote."
Hilo hata mimi nalijua, nikamwambia,
mbona nimevaa sweta mbili?
Mbali na jiko, baridi. Karibu na jiko, jasho.
Januari tunaungua, Julai tunatetemeka.
Kitabu cha nini?

Hakujibu. Akavuta koti kutoka kwenye belo,
zito kama mtoto aliyelala,
akapekua mifuko (siku moja tulikuta sarafu),
akatoa risiti. Lugha ya watu,
lakini tarehe ni tarehe: tisa, Januari.

"Januari jua liko karibu, Mama. Na kwao pia.
Huyu koti alinunulia nini?"

Nikanyamaza, kama mtu aliyepewa chenji pungufu
na hajui aanze wapi kuhesabu.

Akachukua sindano yangu ya kufumia,
akaichoma kwenye chungwa, akaliinamisha.
Dunia haisimami wima, alisema,
imelala nyuzi ishirini na tatu na nusu,
upande uleule mwaka mzima,
kama mzigo uliokaa vibaya kwenye toroli
na msukuma toroli hana habari.
Zile kilomita milioni tano za kwenda na kurudi
ni nauli ndogo tu.
Mwanga ukishuka wima, joto linaangukia pamoja;
ukija kwa ubavu, joto lilelile
linatandazwa, mchele kiganja kwenye ungo mpana.

"Na baridi yetu sisi?"
"Mwinamo kidogo. Wingu kidogo. Na tumekaa juu kidogo."

Kisha akatazama turubai.
"Kwa nini huwa unalihamisha?"

Kwa nini! Miaka kumi na minne nalihamisha.
Juni jua la mchana hupita upande wa mlima,
linanichungulia juu ya kibanda cha Mama Ndekusara,
nafunga kamba huko.
Desemba limehamia upande wa Kahe, nafunga huku.
Na kati yake, Machi, tena Oktoba,
kuna saa sita ambayo kivuli changu
kinajificha chini ya kandambili.
Sikufundishwa. Nilikuwa nalinda nguo zisipauke.

Aikande aliandika yote,
hata jina la mwenye kibanda.

Mteja akashika koti. Bei gani?
Elfu kumi na tano.
Ghali.
Nikamwonyesha tarehe: limetoka kwa watu
ambao jua likisogea karibu
ndipo wanaganda.
Akacheka, akatoa kumi na mbili.

Risiti nimebaki nayo.