Kinga

Muuzaji ametandaza zulia dogo la kijani juu ya kioo,
kazipanga tatu kama anayeandalia wageni vikombe.
Hii nyepesi, asema, ila itakurukia.
Hii ina risasi sita tu, lakini haikwami.
Na hii, shika mama, shika,
inawafaa wenye vidole vifupi.

Nikaishika. Baridi yake ya bomba la uani, mwezi wa pili, Amarillo.

Bahizire ana orodha mfukoni:
maji galoni kumi na mbili, maharage, betri,
dawa ya sukari ya mama,
na chini kabisa, kwa mwandiko wa kusitasita, bastola.
"Ni kinga tu," ananong'ona. "Tahadhari kabla ya hatari."
Naitikia kwa kichwa. Methali haina kosa.

Ila barafu ile ya mwaka juzi,
siku nne bila umeme,
usiku wa manane mlango ukagongwa, ngo, ngo, ngo,
na Bahizire akakamata mwiko wa ugali.
Mwiko!
Nje alikuwa Earline wa nyumba ya pili, kope zimeganda,
amekumbatia kuni tatu na paka.
"Nimeona moshi kwenu. Kuni ninazo, jiko sina."
Kinga yake ikaegemea yetu, moto ukashika.

Muuzaji anangoja.
"Kuna mtoto nyumbani? Basi mchukue na kasha la kufuli."

Naupima tena uzito.
Ningeshika kitasa kwa mkono upi?

"Bei gani?" nauliza,
na Bahizire anatazama viatu vyake.