Daftari la Mungo

Jumatatu. Mungo kapiga miayo mara tisa
na haikuwa ya usingizi.
Kalamba pua. Kakataa kuku.
Nimeandika: tarishi?

Jumanne tarishi hakuja.
Mungo kajikunyata nyuma ya choo,
mkia kaufyata, anatetemeka
kama friji langu kuukuu.
Nikafuta tarishi, nikaandika: mashine ya kufulia.

Nikaizima. Nikahamisha kitanda chake
mbali na dirisha, mbali na shakwe wa Grimsby
wanaogombea chipsi barabarani.
Nikajituhumu na mwenyewe: viatu,
kikohozi, harufu ya dawa ya goti.

Miaka ishirini na sita kiwandani,
misumeno ikipasua samaki walioganda,
imeniachia masikio ya urembo tu.

Alhamisi akaja Imogen wa jirani,
miaka saba, kaleta barua iliyopotea njia.
Hata koti hakuvua.
“Mbona kinalia?”
“Nini?”
Akanyoosha kidole darini:
king'ora cha moshi, betri inakata roho,
kwi moja kila dakika,
usiku, mchana,
tangu lini hata sijui.

Nikapanda kiti, nikatia betri mpya.
Kwangu nyumba ilikuwa kimya vilevile.

Ila Mungo alitoka chooni
hatua moja, akasikiliza,
nyingine, akasikiliza,
akajibwaga juu ya soksi zangu
na kupiga mwayo mmoja, mrefu,
meno yote nje.
Huo sikuuandika.