Leja ya Ghala Namba Mbili

Kwenye leja niliandika mia nne na ishirini.
Mwandiko mzuri, wino wa buluu,
mifuko ya salfa, kilo ishirini na tano kila mmoja,
na muhuri wa chama cha msingi juu yake,
umekaa upande kama kofia ya mlevi.

Usiku ule ghala liliungua kimya.
Moto wa salfa hauna makelele ya makuti.
Ni wa buluu, mdogo, unatambaa
kama mtu anayetafuta sindano sakafuni,
na chini yake unga wa njano unayeyuka,
unageuka mwekundu, unachuruzika hadi mlangoni.
Mlinzi, Mzee Nampembe, alidhani ni damu.
Aliingia kumtafuta mwenye damu.

Halafu ile harufu.
Njiti moja ya kibiriti, ukiiwasha chini ya pua, unaijua.
Sasa njiti za Mahuta nzima, kwa mpigo.
Watu wakakimbia na barabara, maana ndiyo tunayoijua,
na upepo wa kusi ukashika barabara hiyohiyo.

Alfajiri wanajeshi wakafika kutoka Mtwara.
Nisiseme uongo: tulipoyaona malori ya kijani
wapo waliorudi kujifungia ndani, humohumo mwenye moshi.
Kusini tuna kumbukumbu zetu na malori ya kijani.

Wakashuka na nyuso za mpira,
macho ya kioo, mdomo wa kopo.
Mjukuu wa Likwata akauliza,
"Mapiko haya, mbona hayana ngoma?"
Tulikuja kucheka siku ya arobaini,
tukaona haya.

Luteni, kifuani ameandikwa Ng'wandu,
hakuuliza nani mwenye kosa.
Aliokota vumbi, akaliachia, akalitazama linakoelekea.
"Msishuke bondeni. Moshi huu ni mzito,
unapenda mabonde kama maji.
Kateni shambani, upepo uwapige mashavuni."

Kisha akaniita mimi, karani.
"Mle ndani mna mifuko mingapi?"
Nikafungua leja. Mia nne na ishirini.
Kwenye vioo vyake nilijiona mara mbili,
mdogo, nimekumbatia kitabu.
"Dada, sikuulizi ya kitabuni.
Kwa hesabu hiyo kamba naifunga hapa,
na zahanati inabaki nje ya hatari."

Zahanati ilikuwa na wajawazito sita.

Nilimwona mwenyekiti wa chama, yule kule, na koti lake.
Niliona ada ya mwanangu, muhula wa kwanza na wa pili,
iliyolipwa na mifuko isiyo na mstari.
"Elfu moja na mia tatu," nikasema.
Hakuandika. Aliinua mkono tu,
na kamba ikaanza kutembea.

Sisi wa uwandani maji tunanunua kwa dumu.
Tunaoga kopo mbili, ya tatu ni anasa.
Siku ile maboza yaliyamwaga juu ya watu kama ya bure,
na kina mama, huku wanakohoa,
walitega ndoo chini ya miguu ya wenzao,
wakafokewa, wakatega tena.
Kopla Bwire, mwanamke mrefu,
alishika kanga kwa mikono miwili ikawa ukuta,
akageuza uso,
Bi Somoe akavuliwa nguo zenye sumu
bila mkwewe kumwona.
Hilo Bi Somoe analisimulia kuliko mapafu yake.

Walikaa siku tano. Wakabeba tuliowapoteza
kwa machela, wawili wawili, bila kuwarusha.
Mikorosho ya karibu na ghala iliungua majani,
ubwiri unga nao ukafa:
miti misafi kabisa, isiyo na kitu.

Leja ipo polisi. Mimi naitwa, naenda, narudi.
Lakini kabla hawajaichukua, ukurasa wa mwisho,
bila muhuri, niliandika majina.
La kwanza Nampembe.
Nilihesabu mara tatu, kwa kidole,
na kwa mara ya kwanza katika kitabu kile
hesabu ilikuwa sahihi.