Maporomoko ya Nusu Lita

Nilimwahidi mwanangu maporomoko.
Nilimwahidi kwa simu, mwezi wa Machi, mito ikiwa imefura,
povu jeupe likishuka gengeni kama shuka lililotupwa dirishani.
Tukafika Oktoba.
Zamu za mgodini hazijui kwamba ahadi ni deni.

Kilomita mia tatu za vumbi jekundu,
barabara imejikunja kama bati, meno yanagongana,
maneno yanakatikia njiani.
Rohan ana miaka kumi na mmoja
na kovu gotini ambalo silijui.
"Ulianguka lini?"
"Zamani."
Zamani yake ni wiki tatu nyuma.
Nikaitazama barabara.

Jumamosi asubuhi, mdomo wa pango.
Shanelle, askari wa hifadhi, Mbunuba, hajafika ishirini na tano,
kofia nyuma-mbele, chingamu shavuni,
anaokota kokoto, anaipangusa kwapani,
anaitupa dimbwini: chubwi.
"Nanyi pia. Maji yaonje jasho, yajue nani kaja."
Hodi, basi, kwa lugha ya kwapa.
Mimi ambaye siku hizi napiga hodi
kwenye mlango nilioupaka rangi kwa mkono wangu,
nikaitupa kokoto yangu kwa adabu.

Maji kifundoni. Maji gotini.
Maji pale ambapo mwanamume huvuta pumzi
na mtoto hucheka.
Mizizi ya mti wa huko juu inaning'inia darini,
inapapasa kama vidole vya mtu aliyedondosha ufunguo.
Macho mawili mekundu kando ya mwamba: mamba mdogo.
"Huyo mpole," alisema Shanelle, "mkiwa wapole."
Njia ikagawanyika. Kushoto, upepo baridi.
"Kule hatuendi."
"Kwa nini?" akauliza Rohan.
"Kwa sababu kule hatuendi."
Akaridhika.
Mimi simridhishi hata kwa sababu saba.

Halafu tochi yangu ikafa, na Shanelle akaizima yake makusudi.
Giza la usiku lina nyufa. Hili halikuwa na ufa.
Matone. Popo, mbawa zao kurasa zinazofunuliwa kwa haraka.
Kiganja ndani ya kiganja.
"Baba, umenishika au nimekushika?"
Sikujua.
Nikasema, "Twende tu,"
lakini hakuna aliyeinua mguu.

Jumapili, korongo.
Kuta za chokaa zimechongoka, mikaratusi imebanduka magome,
kasuku weupe wanatutukana kutoka juu.
Tulipanda, tukashuka, tukafuata mchanga wenye nyayo za kangaruu
mpaka pale ramani yangu ilipokoma:
mwamba mtupu.
Mchirizi mweusi toka juu hadi chini, mkavu,
kama wanja wa jana kwenye shavu la leo.
Chini yake, kidimbwi cha kumtosha nzige kuoga.

Nilianza kuandaa samahani,
naipangua, naipanga tena.
Nilipogeuka, mtoto hayupo.

"Baba! Simama hapo! Sogea kushoto kidogo!"
Yuko juu ya mwamba, si juu sana,
juu kama dari ya jiko letu, lilipokuwa letu,
mkononi chupa ya maji ya kunywa, nusu lita.
Akaimimina.

Yakaja utepe,
yakawa ushanga,
yakawa karibu hakuna,
utosini, shingoni, ndani ya kola,
nami nikapiga ukelele wa mtu aliyeangukiwa na mto mzima.
Kasuku wakanyamaza.
"Tena!" nilisema.
"Yamekwisha," alisema. "Msimu umepita."

Saa kumi na mbili jioni, kama karatasi ya mahakama isemavyo,
nikapiga hodi.
Mama yake akafungua, akavitazama viatu vyetu vilivyogeuka matofali.
"Haya, maporomoko yalikuwa makubwa?"
Rohan alifikiri. Akavua kiatu kimoja,
akamwaga mchanga mwekundu kizingitini.
"Yalimlowesha Baba," alisema,
akaingia ndani.