Mchezo wa Shafti

Uyole, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande umeganda kwenye kioo
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye haraka.
Kibini ya Fuso imeinamishwa mbele, kama kichwa kinachooshwa,
na Tweve amesimama kando, mikono kwapani.

"Haina nguvu, Atuganile. Jana Mlima Nyoka
mwenye baiskeli ya mkaa alinipita akiisukuma.
Nikageuza. Na inapiga mluzi. Halafu moshi, ule wa bluu."
Sijibu. Mluzi wake niliusikia tangu yuko sokoni,
nikiwa bado natafuta soksi ya pili.

Naanza na mpira wa hewa.
Wahenga walisema habari za ufa na ukuta;
huu ni ufa wa mpira, hauzidi kucha,
umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli
na fundo la mtu aliyekuwa njiani kwenda kwingine.
"Nani alifunga?"
"Utingo."
"Utingo yupi?"
"Aliacha kazi."
Kila gari nililowahi kufungua lina utingo aliyeacha kazi.

Nalegeza klipu. Mpira unatoka shingo upande.
Mdomoni mwa tabo vumbi limekaa na oili
vikazaa ugali mweusi. Nauchota,
nausugua kwa vidole viwili karibu na sikio:
unakwaruza. Huo mchanga wa Usangu.
Na makapi ya mpunga, ya Igurusi bila shaka,
mengine bado yana unjano wake.

Tochi.
Nahesabu mapanga ya feni
kama mwalimu anayehesabu watoto baada ya mvua kubwa.
Wote wamekuja. Hakuna aliyekuja mzima:
kingo zimelika, zimekuwa butu,
jembe la msimu wa sita.
Na ukutani, pale feni isipotakiwa kugusa kitu,
kuna mchubuko mpya, unang'aa.

"Tajiri alisema chujio tupulize tu, jipya la nini."
Sitaki kumsema tajiri. Hayupo hapa kushika shafti.

Maana sasa ni zamu ya kile ambacho jicho halikiwezi.
Naishika ncha kwa vidole viwili, bila kukaza.
Naizungusha: inazunguka, ila inasita mahali pamoja
kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.
Pembeni, mchezo upo. Kidogo si kosa,
oili nayo inataka pa kukaa. Huu si kidogo.
Mbele na nyuma. Hapa haitakiwi hata pumzi.

Tik.

"Labda baridi," anasema Tweve.
Narudia.
Tik.

Namwambia bila kumtazama:
ikikatikia mlimani, injini itameza vipande,
na hapo hatutazungumzia tabo tena.

"Dar haifiki?"
Tik.
"Iringa basi. Iringa nina shemeji."
Tik.
"Makambako."
Anajipunguzia njia
kama muuza nyanya aliyeona wingu.
"Chimala, nitatembea na gia ya pili."
Tik.
"Igurusi, Atuganile. Igurusi tu, pale kuna watu."
Sitaki kusukuma tena.
Nasukuma.

Anakaa juu ya ringi kuukuu, anatoa simu,
anaifuta kioo kwa shati, hapigi.
Mimi nanawa kwa mafuta ya taa; weusi unatoka
isipokuwa kwenye kidole kile kimoja.
Jua limepanda, umande unachuruzika kwenye kioo,
linaanza kupasha turubai,
na chini yake, kwenye lumbesa themanini kutoka Isyonje,
gizani mle,
viazi vimeanza kufungua macho.