Kipimo cha Kiganja

Chilongani aliiweka mezani, katikati ya mipini ya majembe:
bastola ya silinda, kibali chake ndani ya nailoni,
risasi hakuna, pini ya kufyatulia polisi walishaing'oa.
Na mbao za kishikio? Mchwa wa Kongwa hawajui urithi.

"Nitilie mpingo," akasema.
"Baba alilindia ghala la karanga."

Mpingo nilikuwa nao. Nikaupasua, nikaupiga tupa
hadi makamasi yangu yakawa meusi;
nilipozidisha unywele mmoja kwenye tundu la skrubu
ukalia ka! ukaniachia vipande viwili na tusi.

Nikamletea mninga. Mwekundu mno, alisema, kama kitanda cha harusi.
Pembe ya ng'ombe: inateleza.
Kwa mkambala akanyamaza. Hapo nikajua.

Nikafinyanga udongo, nikamwambia, shika.
Akashika kwa vidole vitatu na nusu
(vingine vilibaki kwenye mashine ya alizeti),
akabana kama mtu anayeaga msibani.
Nikachonga kufuata mabonde yale, si picha ya baba yake.

Siku ya kuichukua, upepo wa Agosti ulijaza vumbi mlangoni.
Aliifumbata, akafumba macho, akacheka kidogo:
"Ehee. Sasa hii ni yangu."
Hakuielekeza popote.
Aliifunga kwenye kanga ya mkewe, akaenda,
akasahau chenji.

Vile vipande vya mpingo sikuvitupa.
Kimoja ni mpini wa kisu cha kukatia mlenda.
Kingine bado hakijapata mkono.