Rejeta ya Chumba cha Juu

Daugavpils, Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Bi Skaidrīte ananifungulia mlango amevaa koti na glavu:
"Chini kunatokota, fundi. Juu barafu."

Nagusa mabomba. Linalopeleka, moto.
Linalorudisha, baridi kama spana iliyolala nje.
Natoa hewa: inapiga mluzi, inatema maji meusi
yenye harufu ya misumari ya zamani,
kisha kimya. Rejeta iko vilevile.

Pampu nzima. Presha moja na nusu.
Mafundi wawili wamekwishapita hapa;
mmoja kamuuzia boila mpya, wa pili thamostati.
Mimi nalala kifudifudi, tochi mdomoni,
nyuma ya kabati la nguo za kiume,
na huko naiona: vali ndogo,
imepakwa rangi ya krimu pamoja na ukuta,
imefungwa.

"Huyo ni Ojārs," anasema.
"Joto lilimnyima usingizi.
Kila vuli akifunga, kila vuli nikigomba.
Tangu tumzike, baridi sita hizi,
kumbe namlaumu boila."

Nakwangua rangi. Robo mzunguko.
Bomba linakohoa, linagonga mara tatu ndani ya ukuta,
joto linaanza kupanda ubavu kwa ubavu.

Anavua glavu moja, anaweka kiganja.
"Usiifungue yote," anasema.

Naiacha nusu.
Kwenye risiti naandika: hewa, vali, dakika arobaini.
Rangi nimeikwangua bure.